Mkunazi kwenye mchanga: mmeuliza, tunajibu

*Maalim, kiwanja changu kiko Shela, mchanga mtupu, na maji ya kisima yana chumvichumvi. Mkunazi utashika?*

Utashika, bwana. Mkunazi huteremsha mzizi wake mkuu chini sana, ndiyo maana hubaki hai kiangazi ambacho mpapai wa jirani umeshajinamia. Chumvi kidogo haiuui mti uliokwisha kushika, ila mche bado mdogo upe maji ya mvua ukiyapata.

Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na 2 upana. Mchanga uliotoa uchanganye na samadi ya punda, ambayo Lamu hatuwezi kulia kwamba imeadimika, lakini iwe imeoza hadi haina harufu; mbichi itaunguza mizizi. Panda masika yakianza, Aprili. Upande wa kusi kinga kwa makuti, kwa sababu upepo ule hubeba mchanga na kuuchapa mche hadi majani yanachanika. Mwaka wa kwanza mwagilia mara chache, lakini maji yazame. Kunyunyiza kidogo kila jioni huifanya mizizi ibaki juu, na hapo umeuharibu mti kwa huruma.

*Nimefukia kokwa za kunazi tangu mwezi uliopita, na hakuna hata moja iliyoota.*

Kokwa ni ngumu, zinachukua muda. Zitie kwenye maji ya chumvi nyingi: zinazoelea tupa, zilizozama zioshe kwa maji matamu, zikauke. Kisha shika moja juu ya jiwe, iguse ubavuni kwa nyundo ndogo mpaka upate ufa. Ndani mara nyingi mna mbegu 2, bapa, za kahawia na zinang'aa. Mbegu iliyotolewa hivyo huota kwa muda wa wiki moja hivi. Tumia mfuko mrefu, na mche uuhamishe ungali mdogo. Mzizi ukishajizungusha chini ya mfuko, mti hautakuwa mzuri tena.

*Mkunazi wangu una majani tele, kunazi za kuhesabu. Nimeuongezea samadi lakini wapi!*

Samadi ndiyo inayoleta hayo majani, mama. Acha. Kunazi hutoka kwenye matawi mapya, kwenye vikwapa vya majani, kwa hiyo mti usiokatwa huzaa huko juu na kwa unyonge. Kaskazi ikikaribia mwisho na majani yakipukutika, pogoa kwa nguvu, matawi ya mwaka jana yabaki mafupi. Watu wengi huogopa hapa. Mimi ningekata bila kusita, kwa glavu nene, maana miiba yake hukaa miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana, na huo uliopinda ndio unaorarua kanzu. Jambo jingine: je, uko peke yake? Mikunazi mingi haijichavushi vizuri. Panda wa pili.

*Kunazi zinazoiva zina funza.*

Ni nzi wa matunda. Okota zilizoanguka kila siku, zifukie chini kabisa, na waachie kuku wachakure chini ya mti.

*Kila kukiwa na msiba majirani huja kukata majani ya kuoshea maiti, na mti unabaki uchi. Niwakatalie?*

Hapana, na nadhani hata wewe hutaki. Waonyeshe tawi la kukata, tena wakate kwa kisu kikali, wasivunje kwa mkono. Mwenye nafasi apande mwingine nje ya ua kwa kazi hiyo. Mti wa majani hauna haja ya kuzaa.

*Nimenunua mche wa kunazi kubwa za Kihindi, sasa unatoa matunda madogo.*

Angalia shina. Mche huo ulibebeshwa, yaani uliungwa, juu ya mkunazi wa kawaida, na chipukizi za chini ya kiungo zimeupita ule wa juu. Zikate zote mpaka kwenye shina. Kama sehemu ya juu imeshakufa, huna cha kuokoa: una mkunazi wa kienyeji.