Nimemfokea mama wa mgonjwa, nimekua mtu mbaya?

SWALI: Habari dada. Mimi ni nesi hapa Kisumu, niko wodi ya watoto mwaka wa sita sasa. Usiku tunakua wawili kwa watoto zaidi ya 30, na mwenzangu akipeleka mtoto thieta nabaki peke yangu. Siku hizi nikishuka matatu hapo steji tumbo inaanza kukaza. Juzi mama mmoja ameniuliza mara ya tatu mbona dripu ya mtoto wake haishuki, nikamfokea mbele ya watu wote, akanyamaza tu. Nikaenda kulia chooni. Inchaji, yaani nesi mkubwa wa wodi, akaniambia nijipange, ninywe maji, nilale vizuri. Zamani hii kazi nilikua naipenda sana. Nimekua mtu mbaya ama?
Mchovu wa naiti

JIBU: Pole sana sista. Mtu mbaya angerudi kwa meza akaendelea na simu yake, wewe ulienda kulia.

Hiyo inaitwa banauti. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliiandika 1974 baada ya kuiona kwa watu waliokua wanajitolea kwa kliniki ya bure huko New York, yaani wale wenye moyo ndio walikua wanaisha. Na 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema inatoka kwa presha ya kazi iliyokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, na dalili zake ni tatu, nguvu zinaisha, moyo unaikimbia kazi, halafu unaona kazini hufai tena. Soma barua yako tena, zote ziko.

Sasa inchaji anasema ulale. Utalala, utaamka, utapata watoto ni wale wale 30 na nyinyi ni wale wale wawili, sa maji itasaidia nini? Mimi nilifanya wodi miaka 11 Nakuru kabla nianze kuandika hapa, na nakuambia ukweli kilichonimaliza si kukimbia, kukimbia nilizoea. Ni kujua kabisa mtoto anahitaji nini halafu stoo hakuna, unamtuma mama usiku avuke barabara akanunue branula, ile sindano ya kuwekea dripu, anarudi amekasirika na anakukasirikia wewe kwa sababu wewe ndio uko mbele yake, aliyekosa kuagiza yuko kwake amelala. Hiyo inakula mtu pole pole. Ongeza rota, ile ratiba ya zamu, inayobadilishwa bila kuulizwa na wikendi zinazoenda kwa watu wale wale kila mwezi, hapo hata mwenye roho ya chuma atafoka.

Na usinyamaze, kwa sababu dawa ya mtoto inapigwa hesabu kwa kilo zake, kichwa ikichoka pointi ya desimali inaruka na hiyo hairudishwi na pole.

Kwa hivyo kila naiti andika kwa kitabu cha ripoti watoto walikua wangapi, manesi wangapi, nini iliisha na saa ngapi. Fanyeni nyote kwa wiki nne hivi, halafu muende kwa matroni, yule mkubwa wa manesi, kama kikundi, usiende peke yako utaambiwa ni wewe uko na shida. Ombeni rota itoke mapema na mtu wa tatu usiku hata kama ni kwa zile saa za thieta tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya kupumzika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kama zimelala zidai kwa maandishi.

Lakini kama hata siku za ofu hulali, hakuna kinachokufurahisha nyumbani, ama unawaza kufa, hapo muone daktari wa akili wiki hii, usingoje matroni.

Na yule mama kama bado yuko wodi, mwendee ukiwa umetulia, mwambie pole mama, ule usiku sikukujibu vizuri, halafu muangalie hiyo dripu pamoja.