Yesu ni Mungu au ni mtu? Namna ya kulifundisha darasa la kipaimara bila kukimbilia "ni fumbo"

Mwinjilisti mmoja wa upande wa Chamwino amenitumia ujumbe huu: "Shikamoo mwalimu. Vijana wa kipaimara wamenibana. Wanauliza, kama Yesu ni Mungu, pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Nimewajibu kwamba ni fumbo la imani, lakini naona hawakuridhika. Naomba msaada."

Marahaba, ndugu yangu. Hawakuridhika, na wana haki. Fumbo lipo, hakuna Mkristo anayebisha. Lakini fumbo ni la mwisho wa somo, baada ya mwalimu kusema yote ambayo Kanisa linayakiri waziwazi. Ukilitanguliza, kijana anaelewa jambo moja tu: mwalimu hajui. Kesho atamuuliza mtu mwingine, na huyo hatakosa la kumwambia. Inaniuma kwa sababu jibu la swali hilo hasa lipo, na kuna mtu alikatwa ulimi kwa ajili yake. Nitafika huko.

Nianze na ratiba, maana somo hili likikatwa vipande linaharibika. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na vijana wengi wanakuwa shambani kwenye mtama, uwele na alizeti. Ukianza darasa wakati huo, leo utapata nusu ya vijana na wiki ijayo nusu nyingine. Aliyehudhuria somo la uungu wa Kristo akakosa la ubinadamu wake anaondoka na uzushi kamili kichwani, tena ameupata kanisani. Anza Julai, mavuno yakishaingia ghalani. Panga masomo manane, moja kila wiki, saa moja na nusu kila somo: mawili juu ya Mungu, matatu ya Injili ya Marko, moja la mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu wa kale), moja la mistari migumu, na la mwisho la maswali yao. Biblia moja kwa vijana watatu inatosha, ila wote wawe na tafsiri moja. Wakisoma kwa sauti kutoka tafsiri tofauti, dakika ishirini zinakwisha kwenye kubishana maneno.

Somo la kwanza lisome Matendo 14:8-18. Paulo na Barnaba wako Listra, mbele ya watu wasioyajua maandiko ya Kiyahudi, kwa hiyo Paulo hanukuu andiko kama ushahidi. Anawaambia Mungu "hakujiacha pasipo ushuhuda", akiwapa mvua kutoka mbinguni na nyakati za mavuno. Hapa Ugogo mstari huo unajieleza. Jina la Mulungu lilikuwa vinywani mwa wazee wetu kabla misheni ya kwanza haijafika Mpwapwa, na waulize vijana wenyewe babu zao waligeukia wapi mvua ilipochelewa.

Walimu wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosea. Kijana wa kidato cha tatu amefundishwa mvuke, pepo na mawingu. Ukimwambia Mungu yupo kwa sababu mvua inanyesha, atakuuliza vipi mwaka ambao hainyeshi, na hutakuwa na jibu, kwa sababu umemweka Mungu mahali ambapo elimu ya hali ya hewa inamwondoa. Somo la pili ndilo la kuziba ufa huo. Chukua mvua hiyohiyo, ukubali kila alichofundishwa shuleni, kisha ufuatilie utegemezi. Mvua inategemea mvuke, mvuke unategemea maji na joto la jua, jua linategemea vitu vingine ili liendelee kuwaka. Kila kimoja kipo kwa kuazima. Je, inawezekana vyote viwe vya kuazima na asiwepo mwenye kumiliki? Mwanateolojia Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliijenga hoja yake hivyo, na aliangalia sana isitegemee swali la ulimwengu ulianza lini. Hoja yake inauliza ni nini kinachoushikilia ulimwengu sasa hivi. Kwa hiyo kijana akikuletea habari za ulimwengu kuwa na mabilioni ya miaka, usitetemeke. Hazigusi hoja hii.

Atauliza pia, "Basi Mungu aliumbwa na nani?" Mjibu taratibu. Hoja haijasema kila kilichopo kimeumbwa. Imesema kila kinachotegemea kingine lazima kiwe na kinachokitegemeza, na mwisho wake yuko Asiyetegemea. Kuuliza nani alimwumba Asiyetegemea ni kuuliza anamtegemea nani. Halafu simama hapo. Hoja hii inakufikisha kwa Mungu aliye chanzo cha vyote, haikufikishi Bethlehemu. Mwalimu anayetaka kuuthibitisha Utatu kwa kutazama nyota anawapa vijana kitu kitakachowavunjikia mikononi.

Sasa Marko. Watu hukimbilia Yohana kwa sababu sura ya kwanza inasema wazi kwamba Neno alikuwa Mungu. Mimi nashauri Marko kwanza, kwa sababu Marko anawaacha wasikilizaji wagundue wenyewe, na walichokigundua wenyewe hawakisahau.

Somo la tatu ni Marko 2:1-12, yule mwenye kupooza ambaye watu wanne walimshusha kwa Yesu kupitia paa. Waulize waliowahi kuona nyumba ya tembe: paa ni bapa, limewekwa miti, fito na udongo. Watu wanne wakipanda juu wanaweza kulitoboa, na walio ndani wanaangukiwa na udongo vichwani. Kijana aliyezoea bati pekee haoni jambo hilo linawezekanaje, kwa hiyo usiliruke. Kisha wapeleke kwenye neno la kwanza la Yesu. Mtu ameletwa miguu haifanyi kazi, na Yesu anamwambia dhambi zake zimesamehewa. Waandishi wanawaza, "Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" Waambie vijana: waandishi hawakukosea kanuni. Kanuni yao ni sahihi kabisa. Yesu haikanushi, wala hasemi "mmenielewa vibaya". Anamwinua mgonjwa ili wajue kwamba anayo amri hiyo.

Somo la nne ni Marko 4:35-41, na hili lipe muda wote. Yesu amelala kwenye shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, juu ya mto wa kulalia. Marko peke yake ndiye anayeutaja huo mto. Mtu amefundisha kutwa nzima, amechoka, ameweka kichwa mahali laini na usingizi umemchukua kiasi kwamba maji yanayoingia chomboni hayamwamshi. Huo ni uchovu wa kweli wa mwili wa kweli. Anaamshwa, anaukemea upepo, na bahari inatulia. Hapo fungua Zaburi 107:23-30, usome juu ya mabaharia wanaomlilia Bwana naye anaituliza dhoruba. Wanafunzi wa Yesu walikuwa Wayahudi, zaburi wanazijua, ndiyo maana hofu yao inazidi baada ya bahari kutulia: "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?"

Hapa ubao unaweza kukusaidia au kukuangusha. Walimu wengi wanagawa ubao katikati, wanaandika "Yesu mtu" kushoto na "Yesu Mungu" kulia, kisha wanaweka usingizi huku na kuukemea upepo kule. Vijana wanaondoka na Yesu wawili wanaopokezana zamu. Fanya hivi: andika jina YESU mara moja tu, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Chini yake ndipo uchore mstari, upande mmoja ubinadamu, upande mwingine uungu. Kila tukio unaloliandika, lianzishe kwa kurudi juu kwenye jina: Yesu alilala, Yesu aliukemea upepo. Uliza maswali mawili bila kuchoka. Ni nani aliyefanya hili? Jibu daima ni mmoja, Mwana wa Mungu. Amelifanya kwa asili ipi? Hapo majibu yanaweza kuwa mawili. Kijana akishika maswali hayo mawili, ameshika mafundisho ya Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451: nafsi moja, asili mbili, zisizochanganyika, zisizobadilika, zisizogawanyika, zisizotenganishwa.

Somo la tano ndilo la Gethsemane, Marko 14:32-42. Yesu alikuwa anamwomba nani? Alimwomba Baba. Mwana siye Baba, na hatujawahi kufundisha kwamba ndiye. Anayeona Yesu alikuwa anajiomba mwenyewe amekwisha kuzichanganya nafsi za Utatu pasipo kujua. Swali gumu zaidi ni lile la "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Yapo mapenzi hapa, yaani utashi, yanayotetemeka mbele ya kifo, nayo ni ya kibinadamu kweli. Karne ya saba wafalme wa Konstantinopoli, wakitaka amani ya kisiasa, walisukuma fundisho kwamba Kristo ana utashi mmoja tu. Mtawa Maksimo alikataa, na Gethsemane ilikuwa katikati ya hoja zake: asipokuwa na utashi wa kibinadamu, basi hakutii kama mwanadamu, na kutotii kwetu hakujaponywa. Alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ukakiri alichokitetea. Ndugu mwalimu, hilo ndilo swali la vijana wako wa Chamwino. Usiwaambie tena kwamba ni fumbo kabla hujawaambia habari hii.

Somo la mitaguso lifanye fupi. Nikea, 325, dhidi ya Ario wa Aleksandria aliyefundisha kwamba palikuwa na wakati Mwana hakuwapo. Mwaka 2025 Wakristo duniani wameadhimisha miaka 1700 yake. Konstantinopoli, 381. Efeso, 431. Kalkedoni, 451. Tarehe si kitu cha kukaririwa. Kinachotakiwa ni waone kilichokuwa hatarini. Athanasio wa Aleksandria, Mwafrika mwenzetu aliyefukuzwa jimboni mwake mara tano, alishikilia kwamba kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe na Mungu. Mwana akiwa kiumbe, hata cha kwanza na bora, bado tuko ng'ambo ile ile tuliyokuwapo. Baada ya hapo waache wasome Kanuni ya Imani ya Nikea, katika kitabu cha kanisa lao, polepole, mstari kwa mstari. Wengi wameikariri tangu utotoni, na siku hiyo ndiyo wanasikia kwa mara ya kwanza inavyosema amezaliwa, hakuumbwa.

Mistari migumu iko mingi, chagua mitatu. Wakolosai 1:15 inamwita Kristo mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote, nao Mashahidi wa Yehova, wanaofundisha kwamba Yesu aliumbwa, wataianzia hapo mlangoni kwa kijana wako. Mwelekeze Zaburi 89:27, ambapo Daudi, kitinda mimba wa Yese, anafanywa mzaliwa wa kwanza, yaani mwenye cheo juu ya wafalme wote. Kisha asome Wakolosai 1:16 bila kupumzika: katika yeye vitu vyote viliumbwa. Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi," isomwe pamoja na Wafilipi 2:6-8, kwa maana anayesema hivyo ameshatwaa namna ya mtumwa. Marko 13:32, inayosema Mwana haijui siku ile ya mwisho, irudishe kwenye ubao na maswali yako mawili: anayesema ni nani, na anasema kwa asili ipi. Mwanafunzi mmoja kati yao atasema hapo ndipo Yesu wawili wanarudi. Msifu, kisha umwonyeshe kwamba mwenye kutojua huko si mwingine, ni Yesu yuleyule.

Kuhusu mifano: iache. Maji, barafu na mvuke ni uzushi wa Sabelio, Mungu mmoja anayebadili sura. Baba mmoja aliye mume nyumbani na mwalimu shuleni ni uzushi huohuo. Yai lenye ganda, ute na kiini linamfanya kila mmoja kuwa theluthi ya Mungu. Najua mifano hii inapendwa na darasa linachangamka. Lakini utatumia wiki mbili kuking'oa ulichokipanda kwa dakika mbili, na wapo watu wazima kanisani wanaoishi nayo hadi leo.

Vijana wetu wanasoma na kuishi na Waislamu, hasa ukielekea Kondoa, na wataulizwa kwa heshima au kwa mzaha: Mungu anaweza kufa? Wafundishe kuanza kwa kukubali. Tunaamini pamoja na jirani yetu kwamba uungu haufi wala haupungui. Kisha waseme tunachokiri: Mwana, aliye Mungu, alitwaa mwili na roho ya mwanadamu, na kwa huo ubinadamu alikufa kweli. Kufa kwa mwanadamu ni roho na mwili kutengana, si mtu kutoweka, kwa hiyo hakuna siku ulimwengu ulibaki bila mwenye kuushika. Na tunaposema Mwana hatusemi Mungu alikuwa na mke. Jirani akilikataa hilo, tunalikataa pamoja naye kwa nguvu zote.

Kabla hujapeleka majina kwa ajili ya kipaimara, usiwapime kwa kukariri. Mwite kijana mmoja mmoja, dakika tano zinatosha, mpe Marko 4 aisimulie kwa maneno yake, kisha muulize aliyelala kwenye mto ni nani na aliyeukemea upepo ni nani. Akitaja wawili, au akisema alipolala hakuwa Mungu, mrudishe somo la nne. Akisema ni yuleyule, muulize amejuaje, na umwache aongee.