Gapi, endla na plati katika tangi moja

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nina tangi la kioo la lita 120 lenye samaki wadogo wa mapambo, gapi na plati, madume kwa majike. Sahibu yangu wa Mombasa aliniletea endla, nami nikawatia humo humo. Sasa natamani kuongeza soditeli na moli weusi. Naambiwa samaki hawa, wanaozaa vifaranga hai badala ya kutaga mayai, hupandana ovyo wakatoa chotara. Nifanyeje? Na vifaranga wakizidi, niwatie kisimani?
Msomaji, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Watoe endla leo. Mengine yote yaweza kungoja, hili haliwezi. Endla na gapi ni ndugu wa karibu mno: hupandana bila kusita, na chotara wao nao huzaa. Tena majike wa pande zote mbili aghalabu ni wa kijivu. Mimi hapa Malindi nawatazama kila siku, na wakishachanganyika siwezi kuapa yupi ni yupi.

Uchungu wangu juu ya endla una sababu. Kwao ni pembe ndogo ya kaskazini mashariki mwa Venezuela, karibu na mji wa Cumaná. Mwanabiolojia John Endler aliwakusanya huko mwaka 1975, na jina lao la kisayansi, Poecilia wingei, likatolewa mwaka 2005. Kwa kuwa makao yao ni finyu hivyo, ukoo safi ulio nyumbani kwa mtu ni amana.

Linalowaponza wengi ni hili: jike huhifadhi mbegu za dume tumboni. Akishapandwa mara moja, aweza kuzaa tena na tena, kila baada ya wiki nne hivi, kwa miezi kadhaa bila kuona dume mwingine. Kwa hiyo majike wako wa endla waliokwisha kaa na gapi, hata ukiwatenga sasa, usiwategemee kwa ukoo safi. Madume hawana tatizo hilo. Wape chombo chao, kisha umwombe sahibu yako vifaranga wachanga wa endla kutoka tangi ambalo gapi hajaingia. Na kimia cha huku usikitie kule kabla ya kukisuuza. Kifaranga mmoja aliyenasa kwenye nyuzi atosha kuharibu kazi yote.

Ukitaka kuwaona gapi na endla pamoja kwa ajili ya rangi, weka madume watupu wa pande zote mbili. Dume utamjua kwa pezi la chini ya tumbo, limechongoka likawa kijiti. La jike ni pana.

Plati na gapi waache walivyo, hawazaliani. Lakini plati na soditeli ni jamii moja, chagua mmoja. Kweli, wengi wa dukani wamekwisha changanywa zamani na wafugaji, na mtu atakwambia hakuna cha kulinda. Mimi sikubali. Tangu miaka ya 1920 watafiti, Myron Gordon wa Marekani akiwa mmoja wao, walionyesha kuwa plati wenye madoa meusi wakipandana na soditeli, baadhi ya uzao hupata uvimbe wa saratani ya ngozi. Kwa lita 120 baki na plati. Soditeli huruka nje ya tangi lisilofunikwa, na madume wake huoneana.

Moli weusi watie wachache, maana hukua wakubwa. Maji yakiwa magumu, hata yenye chumvi kidogo, wao hufurahi. Moli na gapi hupandana kwa nadra sana, na chotara wao kwa kawaida ni tasa. Ila usichanganye moli weusi na moli wa tanga, wale wenye pezi kubwa la mgongoni, hao huzaliana upesi.

Kisimani, hapana, wala mtoni. Gapi huvumilia karibu maji yoyote, na akishaenea hutamtoa. Lakini mna desturi nzuri huko kwenu: wazee wa Lamu walifuga visamaki katika birika za chooni, yaani matangi ya maji ya kujengwa, ili wale viluwiluwi wa mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Kama nyumba yenu ina birika, chotara wako wapeleke huko. Wasiotosha humo mpe jirani, na umwambie waziwazi kuwa ni chotara.