Jibu: Mliochanjwa Janssen mwaka 2021, mlipata madhara gani?

Dada, umeuliza kama homa baada ya chanjo ya Korona ni kweli na kwa nini wengi waligoma kuchanjwa. Homa ni kweli. Mimi nilichanjwa Agosti 2021, dozi moja ya Janssen. Mchana nilikuwa mzima. Usiku baridi ikanishika, nikajifunika blanketi mbili na Dar yote ile joto. Asubuhi mkono wa kushoto ulikuwa mzito, hata kukamua nguo nilishindwa. Nikanywa panadol, siku ya tatu nikarudi kazini.

Kuhusu kugoma, tusiwalaumu watu. Januari tuliambiwa na Rais Magufuli kwamba chanjo hazifai, halafu Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Mtu ageuke vipi kwa miezi sita? Mama yangu mdogo alikuwa ameambiwa kanisani kwamba wanawake watakuwa tasa. Hakutaka hotuba, alitaka kuuliza maswali yake bila kufokewa, na nesi wa zahanati alikaa naye kwenye benchi karibu nusu saa. Akachanjwa.

Kuganda kwa damu ulikosikia nako si uzushi. Kulitokea kwa nadra sana, zaidi kwa wanawake walio chini ya miaka 50, ndani ya wiki tatu hivi baada ya kuchanjwa Janssen. Kilichoniuma ni kwamba mimi hakuna aliyeniambia dalili zake siku ile: kichwa kinachouma vikali bila kupoa, kifua kubana, mguu kuvimba, tumbo kuuma mfululizo. Hizo ni za kukimbilia hospitali, si za panadol.