Ukitaka kuchora watu wa kawaida, muige Beryl Cook kwa akili

Wengi wanaomwiga Beryl Cook, mchoraji wa Uingereza, huiga unene. Wanachora mama mwenye makalio makubwa, kavaa gauni la kubana, halafu wanashangaa kwa nini picha haichekeshi wala haina uhai. Unene si siri yake. Mwenyewe alisema hakupenda kuchora mandhari ya nyuma, ndiyo maana miili ilijazwa mpaka ikala nafasi yote.

Cook hakusomea sanaa. Alizaliwa Uingereza mwaka 1926, akaacha shule akiwa na miaka 14, na brashi akaishika ukubwani alipokuwa akiishi Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Baadaye yeye na mumewe waliendesha nyumba ya wageni Plymouth, mji wa bandari huko Uingereza: kiangazi wageni, majira ya baridi uchoraji. Maonyesho ya kwanza yalikuwa 1975. Wahakiki wengi walimbeza hadi alipofariki 2008, lakini kadi na nakala za picha zake zilinunuliwa na watu ambao hawajawahi kuingia jumba la sanaa. Walijiona mle: baa, dansi, kicheko, viatu vinavyobana.

Basi anza alipoanzia yeye, kwenye kutazama. Alikuwa mtu wa haya, akichora kwa siri kwenye vikadi vidogo vilivyoingia mkobani. Kwenye kadi andika mambo matatu tu: mabega yameinamia wapi, uzito uko mguu gani, mkono umeshika nini. Sura utaikumbuka; mguu hutaukumbuka. Kamilisha mchoro siku hiyohiyo. Simu usiitegemee, maana ukimpiga mtu picha kwa karibu pua yake hukua, na akikuona tu anakaa mkao wa picha.

Ubao wa sentimita 40 kwa 50 unatosha. Mhusika mkuu aujaze kuanzia juu hadi chini. Kama mkono unatoka nje ya picha, ukate katikati ya kigasha, kamwe si kwenye kiungo. Ukikatiwa kwenye kifundo, mtu huonekana kilema. Vichwa vitatu visikae mstari mmoja, vinginevyo umechora picha ya darasa.

Cook alichora kwa rangi za mafuta juu ya mbao. Ukitumia plaiwudi, chukua ya milimita 6, isugue kwa msasa namba 120, pangusa vumbi, kisha paka praima, yaani rangi ya msingi, mara tatu, ukisugua kwa namba 220 kila tabaka likishakauka. Nyuma nako paka. Upande usiopakwa hunyonya unyevu na ubao unapinda. Ukiruka praima kabisa, mbao inafyonza mafuta na rangi inabaki na mabaka yaliyofifia.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, limezimuliwa kwa tapentaini. Yanayofuata yaongezwe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, la juu hukauka kabla ya la chini na picha hupasuka. Ngozi nyeusi usiichanganye kwa rangi nyeusi, kwani kivuli kinakuwa shimo. Tumia kahawia iliyokoza, nyekundu na buluu, na pale mwanga unapogonga paji la uso tia tone la buluu iliyopauka.

Meno ndiyo huharibu picha nyingi za watu wanaocheka. Usichore jino moja moja. Weka ukanda mmoja wa nyeupe iliyotiwa manjano na kijivu kidogo, pembe za mdomo zikiwa na giza zaidi. Vimistari kati ya meno humgeuza anayecheka kuwa fuvu. Vidole navyo hivyo hivyo: anza na umbo zima kama glovu isiyogawanywa vidole, uvigawanye baadaye.

Vanishi isubiri miezi 6, na ulikopaka rangi nene, mwaka. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje na kuyarundika pembeni: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakakamae, ndipo uyatupe.