Zima meini swichi kwanza, ndipo ukate laini ya zamani

Mkuu wa Mafinga, hiyo habari ya ruta ipi ni nzuri iache kwanza. Umeandika kwamba wiki ijayo zahanati yenu inakata laini ya zamani ya simu ya mezani na kuhamia simu ya faiba, na kwamba UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) mnayo. Hapo kwenye UPS ndipo nilipoumia mimi.

Nina gesti Tukuyu. Mvua na radi za huku mnazijua. Laini ya shaba haikuwahi kunitupa, kwa sababu inapata umeme kutoka kituo cha simu: betri za volti 48 zinazosukuma umeme kwenye waya uleule unaobeba sauti. Nyumba nzima giza, simu inaita.

Akaja bwana wa kuuza faiba. Nikamuuliza, umeme ukikatika je? Akanyoosha kidole kwenye UPS ya kompyuta ya mapokezi: "Itafanya kazi vilevile." Uongo mtupu! Faiba ni kioo, haibebi umeme. Ruta aliichomeka kwenye UPS, kisanduku cha faiba, kile kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa kuingia kwenye ruta, akakifunga koridoni kwenye soketi ya kawaida. Mwezi wa nne, saa nane usiku, umeme ukakatika na mgeni wa chumba cha mwisho akabanwa na pumu. Nanyanyua simu, kimya. Ruta inawaka taa zote, kisanduku kimekufa. Simu yangu ya mkononi ikazima chaji nikiwa napiga 112. Nilikimbia kwenye mvua kumgongea jirani mwenye gari. Mgeni alipona, ila mpaka leo nikisikia mtu anakohoa usiku naamka. Asubuhi yule bwana ananijibu eti hiyo ni kazi ya fundi umeme! Alichukua hela ya simu, si ya taa.

Nakusihi, kabla hujasaini zima meini swichi, kisha piga nje na mwingine awapigie. Fuata waya kutoka kwenye simu hadi faiba inapoingia. Kila chenye taa kipate betri, hata kitako cha simu isiyo na waya. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, ni wati-saa 84. Kisanduku na ruta vikila wati 15, kwa hesabu ni masaa matano na nusu, na UPS yenyewe inakula humohumo. Kwa zahanati inayozalisha usiku haitoshi, chukua kubwa zaidi. Kitochi, simu ndogo ya vitufe, chenye chaji kikae droo ya nesi, kisitoke.

Zima meini swichi leo jioni, laini ya shaba ikiwa bado ipo, uje uandike hapa simu ya faiba imeishi dakika ngapi.