Mboji nimeweka, mbona mahindi yanakuwa njano?

SWALI: Habari zenu. Msimu huu niliacha mbolea ya dukani nikatumia mboji yangu mwenyewe, nilichanganya maranda ya mbao, majani makavu na maganda ya jikoni, wiki ya 5 nikaitia shambani nikapanda mahindi. Yaliota vizuri tu ila sasa yamefika magotini na majani ya chini yanakuwa njano kuanzia kwenye ncha, inaingia katikati ya jani kama herufi V. Jirani ananicheka eti mboji ni takataka tu. Ni kweli?

JIBU: Jirani apunguze kicheko, ila na wewe ulikuwa na haraka. Hiyo njano ya V ni njaa ya naitrojeni, muhindi ukikosa unainyang'anya majani ya zamani unapeleka kwa machanga, ndo maana ya chini yanatangulia. Kosa naliona kwenye maranda. Yana kaboni nyingi mno, na vijidudu vinavyoyaozesha vinataka naitrojeni, sasa wakiikosa kwenye mboji wanaifuata kwenye udongo, yaani wanakula sahani moja na mahindi yako na wao ndo wametangulia kunawa. Ukirundika tena lenga kama kaboni 30 kwa naitrojeni 1, kwa hiyo maranda kidogo, samadi na majani mabichi kwa wingi, geuza mara kwa mara, subiri miezi sio wiki. Iliyoiva inanukia udongo wa msituni na haipati joto tena hata ukiigeuza.

Lakini hata iliyoiva tusiipambe. Gunia la kilo 50 mara nyingi karibu nusu ni maji, kwenye kilo 25 zinazobaki tuseme naitrojeni ni asilimia 1.5, hapo unapata kama gramu 375, na msimu wa kwanza labda moja ya tano tu ndo inaachiwa, nyingine inatoka polepole misimu inayofuata. Mfuko wa kilo 50 wa urea, ile mbolea ya dukani ya naitrojeni, una kilo 23 za naitrojeni. Ndo maana mi nawaambia watu mboji ni ya kujenga udongo, inashika maji, inaleta fosforasi na potasiamu kidogo kidogo, ila kwenye naitrojeni usiitegemee peke yake mwaka wa kwanza, mahindi ni mlafi na ulafi wenyewe unaanzia hapo hapo magotini mpaka mbelewele.

Kwa hiyo usingoje. Weka urea kidogo pembeni ya mstari, isiguse shina, udongo uwe na unyevu, na uifukie maana ukiiacha juu inapotea hewani. Hutaki kabisa ya dukani? Samadi ya kuku iliyooza vizuri itasaidia, ila kwa kuchelewa. Yale majani yaliyokwisha kauka hayarudi, angalia mapya.

SWALI: Mboji nimwage shamba zima au niweke shimoni?

JIBU: Kama unayo chache, shimoni. Viganja viwili, changanya na udongo kabla ya kuweka mbegu. Ila piga hesabu mapema: kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 hekta ina mashimo 44,000 na ushee, ukiweka gramu 200 kila shimo hizo ni karibu tani 9, na zote zinabebwa na mgongo wako.